Jinsi ya Kupata Msaada wa Serikali kwa Shamba Lako Makueni: Mbolea, Maji na Hifadhi ya Udongo

Mkulima anayesema "niliomba serikalini sikupewa" mara nyingi aliomba kitu halali katika ofisi isiyo nacho. Katiba ya 2010 iligawa kilimo mara mbili, na mgawanyo huo ulianza kufanya kazi kaunti zilipoundwa 2013. Serikali kuu ilibaki na sera, mbolea ya ruzuku, utafiti na ukaguzi wa mbegu. Kaunti ikapewa maafisa wa ugani, huduma za mifugo, vituo vya mafunzo ya wakulima, na jukumu la kutekeleza sera ya taifa ya kuhifadhi udongo, maji na misitu. Kati ya serikali hizo mbili kuna miradi ya wafadhili kama Benki ya Dunia, yenye ofisi zake, masharti yake na tarehe yake ya kufungwa.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu mwenye ekari mbili, tatu au kumi katika Kaunti ya Makueni, kuanzia milima ya Mbooni na Kilungu hadi uwanda wa Kibwezi na Mtito Andei. Aliye Kitui, Machakos au Tharaka Nithi anaweza kuufuata pia, kwa kuwa ofisi nyingi ni zilezile.

Miradi hubadilisha majina kila baada ya miaka michache. Mambo inayomdai mkulima hayabadiliki: jina lako liwe kwenye rejista, uwe katika kikundi chenye karatasi zilizo hai, na shamba lako lionyeshe kwamba kazi umeshaianza mwenyewe. Mwenye haya matatu hukutwa tayari mradi unapofika. Asiye nayo husikia habari wiki ambayo orodha inafungwa.

Hatua ya 1: Jina lako liingie kwenye rejista ya wakulima

Rejista ya taifa inaitwa KIAMIS. Usajili mkubwa ulifanyika mwanzoni mwa 2023 kupitia machifu na manaibu wao, na ndiyo orodha inayotumika kugawa mbolea ya ruzuku. Kama hukuandikishwa wakati ule, anza kwa naibu wa chifu wa kata ndogo yako, kisha afisa wa kilimo wa wadi. Beba kitambulisho cha taifa, simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na ujue ukubwa wa shamba pamoja na mazao unayopanda. Hati miliki si lazima. Aliyekodi shamba naye ni mkulima, na aandikishe ekari anazolima kweli.

Hapo kwenye simu pana jambo linalowaumiza hasa akina mama. Ujumbe wa mbolea huenda kwenye nambari iliyoandikwa. Ikiwa mama ndiye anayelima huku nyumbani na nambari iliyoandikwa ni ya baba aliye Nairobi au Mombasa, ujumbe utafika Nairobi na mbolea haitachukuliwa. Anayelima ndiye aandikishwe, kwa kitambulisho chake na laini yake. Ukibadilisha laini, rudi kwa chifu urekebishe kabla ya msimu. Na ukubwa wa shamba uutaje kama ulivyo, kwa sababu idadi ya mifuko hukadiriwa kutokana nao. Anayetaja ekari kumi ilhali ana mbili anachukua sehemu ya jirani.

Usajili haulipiwi. Yeyote anayekudai "pesa ya chai" ili akuandike anakuibia, awe na kofia gani. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina nambari ya bure, 1551.

Hatua ya 2: Mbolea na mbegu, na namna ya kukagua unachopewa

Septemba 2022 bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ilishushwa hadi shilingi 3,500, wakati madukani ilikuwa imepita 6,000. Agosti 2023 ikashushwa tena hadi 2,500. Utaratibu ni huu: unapata ujumbe mfupi unaotaja mifuko unayoruhusiwa na kituo cha kuchukulia, ambacho huwa ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao au chama cha ushirika kilichoteuliwa karibu nawe. Unakwenda na kitambulisho na simu ileile iliyopokea ujumbe. Kabla ya kupanda gari, mpigie mtu aliye karibu na kituo uhakikishe kwamba aina unayoitaka imefika. Nauli ya kwenda na kurudi, ukiongeza ya kusafirisha mfuko, inaweza kumaliza nafuu yote ya ruzuku. Majirani watano wakikodi pikapu moja wanaiokoa nafuu hiyo.

Mwaka 2024 mifuko ya mbolea isiyofaa ilipatikana ndani ya mpango huohuo wa ruzuku, na wapo waliokwisha kuipanda. Kwa hiyo kagua. Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango, KEBS, uone nambari ya kibali iliyo chini yake, kisha tuma neno SM#, likifuatiwa na nambari hiyo, kwenda 20023. Jibu litakutajia bidhaa na kampuni. Kama havilingani na maandishi ya mfuko, usiufungue. Mbegu nazo zina kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu: kwangua, tuma nambari iliyofichwa kwenda 1393, na hulipi chochote. Tunza kipande cha mfuko na risiti hadi mavuno, maana bila hivyo huna cha kuonyesha ukidai fidia.

Kuhusu mbegu, Makueni tuna bahati ya kuwa karibu na watafiti. KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, ina kituo Kiboko, karibu na Makindu, na kingine Katumani upande wa Machakos. Huko ndiko kwa kuuliza mbegu za nchi kavu. Ndengu za N26, ambazo wengi huziita nailoni, na KS20, zinazoitwa anko, zimelimwa hapa kwa miaka mingi na soko linazijua.

Hatua ya 3: Mtafute afisa wa ugani kabla ya kumhitaji

Huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote katika mwongozo huu. Makueni ina kaunti ndogo sita na wadi 30, na kila wadi ina ofisi ya kilimo, mara nyingi katika jengo moja na msimamizi wa wadi. Miradi inapotaka orodha ya wakulima wa maembe, wa kuku au wa ndengu, afisa huyu ndiye anayeulizwa nani yuko wapi na nani anafanya nini. Kama hajawahi kuliona shamba lako, huwezi kuwa kichwani mwake siku hiyo.

Uwiano unaopendekezwa ni afisa mmoja kwa wakulima 400. Wadi zetu ziko mbali sana na hapo, na pikipiki ya ofisi mara nyingine haina mafuta. Usikae nyumbani ukimngoja. Uliza siku anazokaa ofisini, ambazo mara nyingi hupangwa kufuata siku ya soko. Nenda na swali moja linaloeleweka na picha kwenye simu: jani lenye madoa, embe lenye funza, korongo linalokula shamba. Maswali ya kumpa siku ya kwanza ni haya:

Ni miradi gani inayoendelea wadi hii mwaka huu, na ni ya mazao gani?
Inachukua mtu mmoja mmoja au vikundi?
Vikundi vipya bado vinapokelewa, au orodha imefungwa?
Mafunzo yajayo ni lini na wapi?
Nani anapima mitaro hapa?

Mwombe akuingize kwenye kundi la WhatsApp la wakulima wa wadi, kwa kuwa matangazo mengi siku hizi hupitia huko kabla ya kubandikwa ukutani. Kama huna simu ya aina hiyo, mchague kijana mmoja wa kijijini awe anawasomea wengine barazani au kanisani. Kwa mifugo utamwona daktari wa mifugo wa wadi au wa kaunti ndogo, ambaye ana ratiba ya chanjo na upandikizaji. Mafunzo ya siku kadhaa hufanyika katika kituo cha mafunzo ya kilimo cha Kwa Kathoka, hapo Wote, na wakulima kutoka wadi zote wana haki ya kuyaulizia.

Afisa akikupa ushauri, ufanye, kisha mrudishie habari. Wapo wakulima wanaomwita mara moja, wakose kufuata aliyosema, halafu walalamike kwamba serikali haiwajali. Afisa aliyeona ushauri wake ukizaa matunda atawaleta wageni shambani kwako, na wageni hao ndio wenye miradi.

Hatua ya 4: Pima udongo mara moja

Hatua hii ni fupi, lakini isikose. Kipimo cha udongo hukuambia kama ile mbolea ya 2,500 ni ya kununua au ni ya kuachia wengine. Fanya hivi mwezi wa saba au wa nane, shamba likiwa kavu. Tembea zigizaga, chota udongo sehemu 15 hadi 20, kila mara hadi kina cha sentimita 20. Epuka palipokuwa zizi, kichuguu, au palipochomwa taka. Changanya yote kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, toa nusu kilo hadi kilo moja, kausha kivulini, andika jina na zao. Afisa wa wadi atakuelekeza pa kuupeleka. Maabara ya KALRO iliyo Kabete hupima, na wakati mwingine mradi au kaunti huleta vipimo karibu. Wakulima kadhaa wa bonde moja wakipeleka pamoja, gharama ya kusafirisha inapungua.

Hatua ya 5: Kikundi chenye karatasi zilizo hai

Fedha nyingi za miradi hazimfikii mtu mmoja. Zinapitia kikundi. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi kinahitaji watu wasiopungua 10, na husajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo kwenye kaunti ndogo. Mtahitaji katiba, kumbukumbu za mkutano ulioamua kusajili, orodha ya wanachama na nambari za vitambulisho, na majina ya viongozi. Baada ya cheti, fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu na mchukue PIN ya KRA, yaani nambari ya kodi, ya kikundi.

Vikundi vyetu vinaangukia mahali pamoja: karatasi zikiisha muda hakuna anayejua. Cheti kina tarehe ya kufanywa upya. Viongozi walichaguliwa zamani na mmoja ameshahamia Athi River. Kumbukumbu ziliishia mkutano wa tatu. Mradi ukitangazwa, kikundi cha namna hiyo kinatumia wiki mbili kutafuta muhuri huku dirisha la maombi likifungwa. Mpeni katibu faili moja na wajibu mmoja: kila mwezi wa kwanza wa mwaka aangalie tarehe ya cheti, orodha ya wanachama na watia sahihi wa benki.

Mradi mkubwa wa aina hii kwa sasa ni NAVCDP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2022 katika kaunti 33, Makueni ikiwemo. Ulirithi kazi ya mradi uliotangulia, NARIGP, nao ukajengwa juu ya vikundi vidogo vinavyoungana kuwa sako ya wadi, ambayo hupokea fedha na kuwakopesha wanachama. Una pia vijana waliofunzwa kuwatembelea wakulima mashambani, wanaoitwa agriprenya. Kama kikundi chenu hakikuingia tangu mwanzo, mlango uliobaki ni sako hiyo. Ulizeni hisa ni kiasi gani, mkutano mkuu ni lini, na mazao gani yamechaguliwa kwa wadi yenu. Mradi una mwisho, lakini sako itabaki, na fedha zake ni za wanachama waliopo siku hiyo.

Neno kuhusu mikopo, kwa kuwa wengi huihesabu kuwa msaada. Shirika la Fedha za Kilimo, AFC, lipo tangu 1963 na hukopesha wakulima, lakini mara nyingi hutaka dhamana. Hati ya shamba la ukoo usiiweke rehani kwa ajili ya zao linalotegemea mvua peke yake. Hapa kwetu mvua hukosa, na deni halikosi kudai.

Hatua ya 6: Hifadhi ya udongo na maji, ambako fedha nyingi zinaelekea

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini ndipo mkulima wa Makueni ana nafasi kubwa zaidi na ndipo anapopaangalia kidogo. Mbolea kwenye shamba la mteremko lisilo na mitaro huteremka na mvua ya kwanza hadi mtoni. Fedha za tabianchi nazo, ambazo zimeongezeka katika kaunti, hazinunui mbolea. Hununua maji na udongo uliotulia.

Anza na shamba lako. Wakamba wamechimba mitaro ya fanya juu kwa vizazi, na akina mama wa mwethya, yaani vikundi vya kijiji vya kusaidiana kazi, ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Muite afisa aje na pimamaji ya kamba au fremu ya herufi A apime mstari wa kontua, yaani mstari unaokata mteremko kwa usawa. Mtaro uliochimbwa kwa macho, usiofuata kontua, hukusanya maji mahali pamoja na kuyavunja matuta yote yaliyo chini yake. Kipimo cha kawaida ni sentimita 60 upana na 60 kina. Udongo hutupwa upande wa juu, na huachwa ukingo mdogo usiochimbwa ili udongo usirudi mtaroni. Juu ya tuta panda nyasi za makarikari au nepia. Zinashika udongo na ng'ombe anapata malisho. Umbali kati ya mtaro na mtaro unategemea mteremko, na hilo mwachie mpimaji. Misimu michache baadaye utaona ardhi kati ya matuta imeanza kulala.

Kisha piga picha, kabla na baada, uandike tarehe. Hizo ndizo nyaraka zako mradi wa uhifadhi unapokuja, na pia ushahidi wa mchango wenu, maana miradi mingi huitaka jamii itoe sehemu ya gharama kwa nguvu zake. Siku za mwethya zihesabiwe na katibu.

Baada ya shamba lako kuna milango minne ya umma.

Kwanza, hazina ya tabianchi ya kaunti. Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo nchini kuwa na kanuni za hazina hii, mwaka 2015, na iliamua kuitengea asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Baadaye ukaja mpango wa kitaifa wa FLLoCA, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia 2021, unaopeleka fedha kwa kaunti kupitia njia hiyohiyo. Kila wadi ina kamati ya mipango ya tabianchi iliyochaguliwa na wananchi. Kamati hiyo hukusanya mapendekezo kutoka vijijini, huyapanga kwa uzito, na kuyapeleka ngazi ya kaunti kukaguliwa. Wajue wanakamati wa wadi yako kwa majina. Waulize mpango wa wadi unasemaje, kwa sababu pendekezo lisilolingana na mpango huanguka hata likiwa zuri. Pendekezo zuri linataja kijiji, kaya zitakazofaidika, ardhi ni ya nani na kama mwenyewe amekubali kwa maandishi, na nani atatunza mradi ukishajengwa. Silanga nyingi, yaani mabwawa ya udongo ya kukusanya maji ya mvua, zimejaa mchanga kwa kukosa jibu la swali hilo la mwisho.

Pili, chama cha watumiaji maji cha bonde lako, WRUA, kinachofanya kazi na Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Chama chenye mpango wa bonde uliokubaliwa kinaweza kuomba fedha kwa Hazina ya Sekta ya Maji ili kulinda chemchemi, kupanda miti na nyasi kwenye kingo za mito na kujenga mabwawa ya mchanga, yaani kuta zinazozuia mchanga wa mto ili ushike maji. Kama mnataka kuziba mto wa msimu, pitieni hapa kwanza, kwa kuwa kibali kinahitajika. Na kabla ya kuomba bwawa la mchanga, jiulizeni nani anachota mchanga kwenye mto huo. Makueni ina sheria ya uhifadhi wa mchanga tangu 2015. Itumieni, kwa sababu bwawa la mchanga kwenye mto unaofikiwa na malori ni kazi bure.

Tatu, chama cha misitu cha jamii, CFA, kwa wanaoishi kando ya misitu kama Mbooni, Makuli, Nzaui, Kilungu au Kibwezi. Sheria ya Misitu ya 2016 inaruhusu chama kilichosajiliwa kuingia makubaliano na Shirika la Misitu, na kupitia hayo wanachama hupata haki kama kuweka mizinga, kukata nyasi, au kutunza vitalu vya miche vinavyonunuliwa na miradi. Hata usipopakana na msitu, kanuni za 2009 za misitu ya mashambani zinamtaka mkulima awe na miti kwenye asilimia 10 ya shamba lake. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, iliyo Kibwezi itakuambia mti gani unastahimili ukame wako.

Nne, vidimbwi vya nyumbani. Mamlaka ya Taifa ya Unyunyizaji imekuwa ikiwachimbia wakulima vidimbwi vya kuvuna maji, na kaunti hutoa mitambo ya kuchimba. Orodha huanzia kwa afisa wa wadi. Onyesha mahali maji yanapokusanyika, aina ya udongo, na jinsi utakavyoweka uzio. Uzio si jambo dogo, kwa maana watoto wamezama katika vidimbwi vilivyoachwa wazi.

Wako pia wanaopita vijijini na mikataba ya kaboni. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyorekebishwa 2023, inataka miradi ya kaboni inayohusu ardhi ya jamii irudishe kwa jamii angalau asilimia 40 ya mapato kila mwaka. Usitie sahihi mkataba wa miaka thelathini ambao hujasomewa kwa lugha yako.

Hatua ya 7: Fuata kalenda ya bajeti

Mradi wa kaunti unaouona mwezi wa tano uliamuliwa mwaka uliotangulia. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hufuata kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Kwa hiyo, anayetaka barabara ya kufikia mashamba ya maembe au silanga ya kijiji aseme kwenye mikutano inayotangulia Septemba, wala asingoje mwakilishi wadi atakapokuja kuomba kura.

Makueni ina desturi ya mikutano inayoanzia kijijini, ikapanda hadi wadi na kaunti, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mkutano wa kijiji wenye watu kumi na wawili unaamua kwa niaba ya mamia. Nendeni mkiwa wengi, mkiwa mmekubaliana jambo moja kabla ya kuingia, na mmoja aandike. Kijiji kinachoomba vitu kumi hupewa kilicho rahisi zaidi kwa ofisi. Mradi ukipitishwa, chagueni kamati ya usimamizi yenye watu wasioogopa kukataa kazi mbovu, kwa kuwa sahihi yao huhitajika kabla ya mkandarasi kulipwa.

Kalenda ya shamba nayo iende sambamba. Mvua zetu za kutegemewa ni za vuli, Oktoba hadi Desemba. Mitaro ichimbwe na kidimbwi kimalizike kufikia mwisho wa Septemba, na mbolea iwe nyumbani kabla matone ya kwanza hayajaanguka. Taarifa ya ukame ya kila mwezi hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Ukame, NDMA, ambayo ina ofisi katika kaunti. Ikisema hali inazidi kuwa mbaya, punguza mifugo mapema bei ikiwa bado nzuri.

Hatua ya 8: Ukinyimwa, uliza kwa maandishi

Si kila anayekosa amedhulumiwa. Fedha ni chache na wengine wamengoja zaidi. Lakini una haki ya kujua orodha ilitengenezwaje. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba habari kutoka ofisi ya umma kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Huhitaji wakili wala kueleza sababu. Barua yatosha iwe hivi:

"Kwa Msimamizi wa Wadi. Mimi ni mkulima katika kijiji cha (jina), nambari yangu ya kitambulisho ni (nambari). Kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nipatiwe orodha ya vikundi vilivyochaguliwa kwa mradi wa (jina) katika wadi hii, vigezo vilivyotumika kuvichagua, na kumbukumbu za mkutano ulioidhinisha orodha hiyo. Naomba nijibiwe kwa simu au anwani iliyo hapa chini. Wako mwaminifu."

Peleka nakala mbili. Moja iache ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na hiyo ubaki nayo. Ongea kwa heshima na aliye mezani. Mara nyingi hakuhusika na uamuzi, na ndiye atakayekuelekeza faili liliko. Siku 21 zikipita bila jibu, au ukijibiwa kwamba habari ni siri bila kuelezwa kwa nini, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala ukiambatisha nakala ile yenye muhuri. Tume hiyo ndiyo iliyopewa kazi ya kusimamia sheria hii, na ina uwezo wa kuiagiza ofisi itoe habari uliyoomba.